Dishi Linaloinama Nyuma ya Nyololo

Wiki iliyopita dishi la televisheni la nyumbani, lenye kutu ukingoni na alama za midomo ya kuku, lilituma picha ya mguu wa mtoto uliovimba kutoka zahanati ya Lyambogo, bondeni nyuma ya Nyololo, hadi kwa daktari wa hospitali ya wilaya. Jibu la daktari lilirudi kwa njia ileile kabla maji ya chai hayajachemka. Anayeandika haya ni mtu aliyemaliza maisha yake yote ya kazi, Mbeya na Iringa, akiwaambia wateja kwamba dishi la nyumbani haliwezi kutuma hata salamu.

Vijana wa karakana wameniomba niwaandikie habari za kazi kwa kuwa nimestaafu na sasa nina muda. Vyeo na mishahara nitaviruka. Havikuwa virefu kiasi cha kujaza ukurasa. Nitaeleza nilivyofundishwa, nilivyokosea, na jinsi kijiji kimoja kilivyokaribia kumpoteza nesi wake wa pekee huku dawa ya tatizo lake ikiwa inapata kutu juu ya banda la kuku.

Nilianza kazi nikiwa binti mdogo, Mbeya, Mwanjelwa, chini ya Mzee Ambakisye, Mnyakyusa mfupi aliyevaa koti la suti hata juu ya paa. Madishi ya siku hizo yalikuwa ya futi nane, tukiyabeba vipande vipande na kuyafunga mahali pake. Siku yangu ya kwanza tulikwenda kwa mwalimu mmoja mstaafu upande wa Uyole. Nilikuwa nimebeba vipande vinne vya dishi kichwani na roli la kebo begani. Mwenye nyumba akatutazama, akampa mzee mkono, akauliza, "Na fundi wako msaidizi yuko wapi?"

"Fundi ni huyo," Mzee Ambakisye akajibu. "Mimi nimembebea spana tu."

Mwalimu akacheka akidhani ni utani. Mzee akavua kofia, akakaa kwenye kigoda uani, akaniacha nihangaike kwa saa tatu. Nililifunga dishi lile kinyume, nikalifungua, nikalifunga tena. Mke wa mwalimu aliniletea uji mara mbili, na mara ya pili akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kama hujui sema, tutamwita mwingine." Picha ilipotokea, ilikuwa ya mtu anayesoma habari kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeijua. Tulimsikiliza mpaka mwisho kwa heshima.

Nieleze vifaa, maana ninyi mnatafuta pembe ya dishi kwa simu. Tulikuwa na dira, timazi ya uzi na jiwe, spana namba kumi na tatu, na televisheni ndogo ya kubeba iliyokuwa nzito kuliko mtoto wa darasa la pili. Kanuni za mzee zilikuwa chache. Kebo iache ining'inie kidogo kabla ya kuingia ndani ya nyumba, ili maji ya mvua yadondoke chini yasifuate waya hadi kwenye king'amuzi. Nati usiikaze mpaka mwisho hadi mwenye nyumba aseme ameridhika. Usimwombe mteja akushikie ngazi kama mna deni la maneno kati yenu.

Somo kubwa alinipa siku ambayo hatukuwa na kazi. Nyuma ya karakana kulikuwa na madishi mawili ya mviringo, moja huku, jingine kule mwisho wa uwanja, na katikati mafundi bati wakigonga masufuria. Akayageuza yakatazamana. Akaniambia niweke sikio pale mbele ya dishi, mahali panapokaa LNB, yaani kile kichwa kidogo kinachochukua mawimbi dishi linapoyakusanya. Yeye akaenda ng'ambo, akainama mbele ya dishi lake. Nikamsikia ananong'ona kana kwamba amesimama begani mwangu: "Atu, umekula?"

"Bado, mzee!" nikapiga kelele.

"Usipige kelele, unaniumiza sikio. Nong'ona." Nikanong'ona. Akarudi amejishika sikio. "Sasa sema, dishi limetuma au limepokea?"

"Lako limetuma, langu limepokea. Halafu langu likatuma."

"Dishi ni bati lililopindwa," akasema. "Halijui kutuma wala kupokea. Anayejua ni yule unayemweka mbele yake. Ukimweka msikilizaji, litasikiliza. Ukimweka msemaji, litasema."

Nilielewa vizuri kabisa. Kisha nikaingia kwenye kazi na kulisahau somo hilo kwa sababu wateja hawakulihitaji. LNB ya televisheni ni msikilizaji mtupu, na madishi yote niliyofunga yalikuwa na LNB ya televisheni.

Waliotaka kujua kama dishi linatuma walikuwa wengi, na wote walikuwa na hofu. Kesi ninayoikumbuka zaidi ni ya Rujewa, kwa mzee mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Aliniita akisema picha inakatika mara kwa mara. Nikakagua kebo, nikakagua viungio, vyote vizima. Nikiwa bado juu ya ngazi, binti yake akatoka na gunia tupu la mpunga, akalivika dishi na kulifunga kamba kiunoni kama mtu anayemvalisha mtoto sweta.

"Unafanya nini, dada?"

"Baba amesema. Ndani kuna kikao cha posa yangu."

Mzee alitoka mwenyewe kunieleza. Posa ya kwanza ilivunjika, na maneno yaliyosemwa sebuleni yalifika kwa majirani kabla wageni hawajafika stendi. Alichunguza nani alikuwepo, akaona wote ni watu wa damu yake, isipokuwa dishi. Nilishuka, nikaifungua LNB mbele ya wajomba zake, nikawaonyesha kwamba hakuna kinachoweza kutoa neno humo ndani. "Dishi la nyumbani linapokea tu," nikasema. "Halitumi." Wajomba wakageuka polepole kumtazama shangazi mmoja aliyekaa pembeni. Yule shangazi akasema chai imepoa, akaenda jikoni, hakurudi.

Toka siku hiyo sentensi ile ikawa yangu. Niliisema Mbarali, nikaisema Makambako, nikaihamishia Iringa nilipohamishwa mimi. Ipogolo niliisema kwa mama mmoja aliyeogopa kuwa mwanawe aliye masomoni nje anamwona akilala mchana. Niliisema vizuri, na ilikuwa kweli kwa kila aliyeisikia, ndiyo maana ilinichukua muda mrefu kugundua kwamba ilikuwa nusu tu ya kweli.

Wiki moja kabla ya kustaafu nilitumwa Lyambogo kutengeneza dishi la nyumba ya nesi. Kutoka Nyololo unaiacha barabara kuu, unapita mashamba ya viazi na misitu ya misonobari, kisha unateremka mpaka unapoona simu yako imekata tamaa. Bonde lile limezungukwa na vilima pande zote. Mtandao haufiki. Ukitaka kupiga simu unapanda kilima kimoja kwa saa moja na nusu, mpaka mahali ambapo wenyeji wanapaita Pa Simu.

Mlango wa zahanati ulikuwa umefungwa. Kwenye kitasa kulining'inia kipande cha boksi: NESI YUKO PA SIMU. MSUBIRI. Ngazini alikaa mama mjamzito na mama mkwe wake.

"Kamwene," nikawasalimu.

"Kamwene, mama. Na wewe unaumwa?"

"Mimi ni fundi wa dishi."

"Basi utakaa sana," mama mkwe akasema. "Amepanda kumuuliza daktari habari za mkwe wangu huyu. Miguu imevimba, kichwa kinamgonga. Sasa sijui atarudi na jibu au atarudi na matope."

Nesi Zawadi alirudi na vyote viwili. Alikuwa binti wa miaka kama thelathini, viatu mkononi, jasho limelowesha sare. Alimpima mama yule, akampa dawa, akamwandikia barua ya kwenda hospitali, akatafuta bodaboda mwenyewe. Baada ya hapo akakaa chini pale ngazini, akaniambia bila kunitazama:

"Dishi usilitengeneze, dada fundi. Nimeomba uhamisho. Mwisho wa robo nakwenda."

"Kwa sababu ya mlima?"

"Kwa sababu nikiwa mlimani hapa hakuna mtu. Mwezi uliopita mama mmoja alijifungulia hapo ulipokaa. Nilikuta mtoto keshalia. Safari nyingine nitakuta hajalia. Sitaki kuwepo siku hiyo."

Mama mkwe, ambaye hakuwa amekwenda mbali, akasema, "Huyu akiondoka tunarudi kuzalishana wenyewe majumbani. Kabla yake tulikaa miaka bila nesi." Hakuwa analaumu mtu. Alisema kama anavyosema mtu kwamba mvua ikikoma, viazi vinakauka.

Nesi Zawadi akanyanyua kidevu kuelekea dishi la nyumba yake. "Hebu niambie wewe mtaalamu. Hili linaleta mpira kutoka Ulaya. Linashindwaje kupeleka picha moja tu hapo mlimani?"

Mdomo wangu ukajibu wenyewe. "Dishi la nyumbani linapokea tu. Halitumi."

"Haya. Basi mimi na lenyewe tutaachana salama."

Nilifika Nyololo kungoja basi, nikanunua viazi vya kukaanga, nikashindwa kuvila. Jambo moja lilikuwa linanisumbua: yule binti hakuniuliza kwa hofu kama wengine. Aliuliza kwa sababu alitaka litume. Na mimi nilimjibu kama nilivyomjibu mwenye gunia la Rujewa. Kumbe kazi ya kulisemesha bati lile nilishafundishwa na Mzee Ambakisye, bure, mchana kweupe, katikati ya kelele za masufuria. Najua siku hizi yapo madishi ya dukani yanayotuma na kupokea moja kwa moja na setilaiti. Zahanati haikuwa nalo, na hakuna aliyekuwa na habari litakuja lini. Nililokuwa nalo mimi ni kilima, bonde, na dishi moja zima.

Nilirudi Lyambogo baada ya majuma mawili nikiwa nimestaafu, kwa hiyo hakuna bosi aliyeniuliza naenda wapi. Kabla ya hapo nilipita ofisi inayohusika na mawasiliano kuuliza masharti, nikapewa, nikayafuata. Mkobani nilikuwa na redio mbili ndogo za mtandao, zile za kufunga nje ya nyumba, kila moja urefu wa kiganja. Nilizinunua mwenyewe, na hilo tuliache hapo. Wazo lilikuwa jepesi: toa LNB, weka redio mahali pake. Dishi moja zahanati, jingine Pa Simu, yatazamane. Kule juu, kifaa cha laini ya simu kichukue mtandao na kuukabidhi kwa redio.

Dishi la pili lilipatikana kwa Mwinjilisti Kaduma, ambaye nyumba yake ndiyo pekee iliyoko Pa Simu. Lilikuwa paa la banda la kuku.

"Kuku wangu watalala wapi?" akauliza.

"Nitakuletea bati."

"Bati jipya?"

"Jipya."

"Basi Bwana amesikia maombi ya kuku." Akapanda kulifungua mwenyewe, pamoja na joho lake, maana alikuwa anajiandaa kwenda kwenye maziko na hakutaka kupitwa.

Kuyafanya madishi yaonane kwa umbali ule kulitaka akili kidogo. Kwa macho, zahanati ilikuwa nukta kati ya migomba. Nikaomba kioo cha kunyolea cha mwinjilisti, nikampa nesi ashuke nacho asimame karibu na dishi lake. Alipokipindua juani, nukta ikawaka kama jicho la paka. Nikalenga pale.

Sasa sikilizeni vizuri, vijana, maana hapa ndipo penye somo. Madishi haya ya kisasa ya ukubwa wa beseni hayaangalii pale nyuso zake zinapoonekana kuangalia. Mkono wa LNB umetokea chini, hivyo dishi hutazama juu zaidi ya unavyodhani. Ukitaka litazame mbele, sawasawa na upeo wa macho, lazima uliinamishe mpaka ulione kama linachungulia ardhini. Nililiinamisha. Mwinjilisti akatikisa kichwa.

"Fundi, hili linatafuta nini huko chini? Viazi?"

"Subiri."

Kisha nikashuka, nikaliinamisha na la zahanati. Nilipowasha betri na kuisogeza redio milimita chache, taa ya kijani ikawaka, ya pili ikawaka, ya tatu ikawaka. Nesi Zawadi alikuwa ameishika simu yake kwa mikono miwili. Ikaanza kulia. Ujumbe wa wiki nzima ukaingia kwa mpigo, kila mmoja na mlio wake, na watu waliokuwa kwenye foleni ya zahanati wakapiga vigelegele bila kujua wanashangilia nini. Daktari wa wilaya alipopokea simu, neno lake la kwanza likawa, "Zawadi, leo umepanda mapema."

"Sijapanda," akasema. "Niko chini. Nimekaa kwenye kiti." Akarudia, "Nimekaa kwenye kiti, daktari."

Nilirudi nyumbani Ipogolo nikitembea kama mtu aliyevalishwa medali. Siku tatu baadaye nikapigiwa simu. Alikuwa Zawadi, na nyuma yake nilisikia upepo. Nikajua yuko wapi.

"Limekufa, dada fundi. Toka jana asubuhi. Na mama yule wa miguu amerudi kutoka hospitali, siku zake zimekaribia. Mimi barua yangu ya uhamisho sijaiondoa."

Niliondoka na basi la kwanza. Njia nzima nilipanga sababu: betri, maji kwenye kiungio, panya. Nilipofika Pa Simu sikuhitaji kufungua mkoba. Dishi langu lilikuwa limesimama wima, kifua mbele, linatazama mawinguni. Chini yake walikuwa wazee wanne na Mwinjilisti Kaduma, wote wameridhika.

"Karibu, fundi," akasema. "Uliliacha limeanguka kichwa. Tukasema mama wa watu amechoka, umri nao umekwenda, tumsaidie. Tumelisimamisha."

"Mwinjilisti!"

"Mimi madishi nayafahamu. Nimekaa Mbeya. Yote hutazama juu."

"Na mmelikaza?"

"Kwa spana mbili," mzee mmoja akasema kwa fahari. "Halitoki hilo."

Halikutoka kweli. Ilinichukua saa nzima kulilegeza. Nililirudisha kwenye kuinama kwake, na nilipogusa mahali pake, sauti ya nesi ikatoka kwenye simu ya mwinjilisti ikisema "Haloo? Haloo?" hata kabla hajaipeleka sikioni. Wazee wakatazamana. Mmoja akazunguka nyuma ya dishi kuangalia kama kuna mtu.

Nilitaka kuandika tangazo la LISIGUSWE. Mwinjilisti akasema maandishi hayatazuia mtu mwenye huruma. Jumapili, baada ya matangazo ya ndoa, alisimama kanisani mbele yangu akaeleza mwenyewe:

"Mnamjua mkwe mwenye adabu. Akikutana na baba mkwe, anamtazama usoni?"

"Hapana!" kanisa likajibu.

"Anafanyaje?"

"Anainama!"

"Na akiinama, haoni?"

Wanawake wakacheka. "Anaona kila kitu!"

"Basi dishi letu ni mkwe wa Lyambogo. Limeinama, linaona. Atakayelinyanyua uso amemvunjia heshima mkwe, na faini yake mnaijua."

Tangu siku hiyo halijaguswa. Nimewahi kumwona mtoto akifukuza kuku chini yake na kuambiwa na bibi yake, "Pita kwa adabu, mkwe anaongea."

Yule mama wa miguu iliyovimba alianza uchungu Alhamisi moja saa nne asubuhi. Zawadi hakwenda popote. Aliweka simu mezani, daktari akiwa upande wa pili, akafuata kila alichoambiwa, na gari la wagonjwa likaitwa dakika ileile badala ya baada ya mlima. Lilifika mchana. Mtoto alizaliwa hospitalini, wa kike, wote wazima. Mama mkwe alinipigia simu mwenyewe kunieleza, kutoka bondeni, akiwa amekaa. Alisema alitaka tu kujaribu kama na yeye atasikika.

Kwa hiyo, vijana, mteja akiwauliza kama dishi la nyumbani linaweza kutuma, msimjibu kwa sentensi yangu ya zamani. Mwambieni kwamba LNB yake haiwezi, lakini bati lenyewe halijawahi kukataa. Halafu muulizeni anataka kumpelekea nani nini.

Nesi Zawadi aliandika barua ya kufuta ombi lake la uhamisho. Aliipiga picha mezani kwake na kuituma wilayani kupitia dishi, siku ileile mtoto alipozaliwa. Barua ya ombi ilikuwa imekwisha kupita mikono miwili wakati huo, na ya kufuta imeifuata nyuma. Robo inaisha baada ya siku kumi na moja. Nimempigia leo asubuhi kabla sijaandika mstari huu, akapokea haraka, akasema kutoka wilayani bado hajapata neno.